Dada wa Wagonjwa Wote

Kitu cha kwanza nilichokigundua kilikuwa kidogo, hata niliona aibu kumwambia mtu. Tabibu alikuwa amebadilisha swali lake la kwanza.

Kwa miezi saba, kila nilipokaa kwenye kigoda na mgonjwa amelala kitandani nyuma yangu, Tabibu aliuliza, "Analala upande gani?" Hakuwahi kuanza na swali lingine. Hata kama mgonjwa amekuja na jipu shingoni, ilibidi kwanza ijulikane analala upande gani. Mimi nilimgeukia mgonjwa, nikamsikiliza, kisha nikasema kama alivyosema.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Mgonjwa alikuwa Mzee Kilahumba, mchonga mizinga ya nyuki, mwenye kidonda kwenye kisigino. Nilibonyeza kidole gumba kwenye udongo mbichi uliokuwa juu ya sahani mbele yangu, nikasema maneno ya kufungulia.

"Mimi ni dada yake. Nimekuja kumsemea."

Tabibu akasema, "Na wewe unalala upande gani?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Nilimtazama Obeid, fundi wa mitambo, aliyekuwa upande wa pili wa kioo. Akainua mabega.

"Mgonjwa analala kifudifudi," nikasema, maana ndivyo Mzee Kilahumba alivyokuwa ameniambia.

"Nimekuuliza wewe."

Mzee Kilahumba akacheka pale kitandani. "Mjibu, binti. Mwenzio anachumbia."

Nilishika pindo la aproni nikalikunja, nikalikunjua. Sikuwahi kuulizwa na mtu ninalala upande gani, na nilipojaribu kukumbuka nikakuta sijui.

*

Tabibu si mtu. Au alikuwa mtu, sasa si mtu, au ni nusu. Nimefanya kazi naye siku nyingi na bado sijui nisemeje.

Ninachojua ni kile nilichosikia Daktari Mwashiuya akiwaeleza wageni. Yeye ndiye mkuu wa kituo chetu hapa Nyamsunga, mama mrefu anayezungumza polepole kama anayepima maji. Huwaambia kwamba zamani sana, miaka elfu moja na mia tatu iliyopita, watu wa hapa walikuwa wakichemsha maji ya chemchemi kupata chumvi, na katikati yao aliishi tabibu mmoja. Jina lake halijulikani. Kila alipomtibu mtu alifinyanga kigae cha udongo, akakichora mahali panapouma, akakwaruza mistari ya siku, akakichoma, kisha akakipaka dawa aliyoitumia. Vimechimbuliwa vigae elfu moja mia tisa na sita.

Kila kigae kina alama mbili za vidole gumba. Moja ni yake, ni ileile kwenye vigae vyote. Ya pili watu walidhani ni ya mgonjwa. Baadaye wakakuta gumba moja liko kwenye kigae cha mtoto, na cha mzee, na cha mwanamke mwenye mimba. Ndipo wakaelewa kwamba mgonjwa hakuwa akizungumza. Kwa Tabibu, mtu akiugua hata ulimi wake umeugua, haufai kutoa habari. Aliyesema ni ndugu.

Vigae vilikaa makumbusho miaka mingi, watoto wa shule wakipita na kuviangalia. Kisha dawa zikachoka. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka watu walivyoanza kufa kwa mikwaruzo ya miiba, na hospitali zikawa hazina sindano inayoweza kuua vijidudu. Mtu mmoja akafikiria kukwangua vigae. Akakuta chumvi, magome ya miti, na ukungu wa aina asiyoijua, na vijidudu vilivyoshinda dawa zote vikafa kwenye ule unga.

Lakini unga peke yake haukutosha. Kila mgonjwa alitaka mchanganyiko wake. Kwa hiyo wakaviingiza vigae vyote kwenye mtambo, alama kwa alama, mpaka mtambo ukaanza kufikiri kama aliyevifinyanga, na kila mgonjwa mpya ukamwongeza kwenye fikra zake. Daktari Mwashiuya huwaambia wageni kwamba Tabibu ni namna ya kufikiri iliyochimbuliwa ardhini. Sauti yake ni ya fundi baiskeli mmoja ambaye Obeid alimrekodi sokoni.

"Angekuwa na sauti ya kike ungemwogopa kidogo," Obeid aliniambia siku ya kwanza.

"Namwogopa hivihivi," nikamjibu, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu yote siku ile.

Mimi niliajiriwa kwa sababu ndugu hawaruhusiwi kuingia wodini. Vijidudu vya siku hizi vinaruka, ndugu mmoja akiingia na kutoka anaweza kuua kijiji. Na Tabibu bila ndugu hasikii. Mgonjwa anaweza kulia mbele yake mpaka machozi yakauke, yeye yuko kimya kama jiwe la kusagia. Basi wakatafuta mtu wa kukaa pale na kujiita dada.

Walianza na wauguzi. Wauguzi walisafisha maneno. Mgonjwa akisema sisimizi wanatembea ndani ya mfupa, muuguzi anasema ganzi. Akisema kidonda kinanong'ona, muuguzi anasema maumivu ya kawaida. Tabibu akawa anakosea dawa. Kisha wakanipata mimi, Zerida, nilikuwa nafua mashuka. Niliachia shule darasa la tano, maneno makubwa sina. Nilisema sisimizi wanapokuwa sisimizi.

Na ilinifaa. Mbele ya watu maneno yangu mwenyewe hunikwama, lakini ya mtu mwingine hupita vizuri, kama mtu anayebeba ndoo ya jirani bila kumwaga.

*

Jumanne aliniuliza nachota maji wapi. Jumatano aliniuliza ni nani nyumbani kwangu aliyeugua kabla ya hawa. Nilijaribu kumsemea mama mmoja aliyeungua mkono, naye akaniambia, "Huyo atasubiri."

Alhamisi hakutoa dawa hata moja. Nilipobonyeza gumba na kusema mimi ni dada yake, akasema maneno ambayo Obeid aliyachapa na kuyabandika ukutani.

"Dada, umeniletea ndugu mia mbili na kumi na wawili. Nyumba ya namna hiyo sijawahi kuiona. Ugonjwa hauko kwao. Uko kwa anayewaleta. Sitamtibu mwingine mpaka nikutibu wewe."

Daktari Mwashiuya alituita ofisini. Alikuwa ameweka vigae kumi na vitano mezani, vya kweli, juu ya kitambaa cheusi.

"Tulifanya kosa la kijinga," alisema. "Tulidhani ndugu ni desturi tu, kama kuvua viatu mlangoni. Tukampa ndugu mmoja kwa watu wote. Kumbe yeye anahesabu nani analetwa na nani. Tazameni hivi kumi na vinne. Gumba la msemaji ni moja. Watu kumi na wanne wa nyumba moja waliugua, na aliyekuja kuwasemea ni mtu yuleyule. Sasa hiki cha kumi na tano."

Kilikuwa kigae kidogo. Mahali ambapo huchorwa kiungo kinachouma hapakuwa na mchoro. Palikuwa na gumba la yule msemaji.

"Alimtibu?" Obeid akauliza.

"Au alimfukuza. Au alimfunga mahali. Baada ya hapo hakuna kigae kingine cha nyumba hiyo."

"Kwa hiyo walipona."

"Au walikufa wote, Obeid. Sijui. Nimekitazama miaka sita, sijui."

Obeid akasema tuweke msemaji mwingine. Walikuwa wamejaribu asubuhi ile, na Tabibu alisema tu, "Mwiteni yule dada." Obeid akasema basi tufute kumbukumbu ya Tabibu, arudi kuwa wa vigae peke yake kama alivyoanza.

"Unakumbuka alivyoanza?" Daktari Mwashiuya aliuliza. "Wagonjwa thelathini wa kwanza, kumi na tisa tuliwazika. Vijidudu vya leo alijifunza kwa hawa mia mbili. Tukiwafuta, tunaanza kuzika upya."

"Basi tumwambie ukweli. Huyu si ndugu yao. Ni mtu tuliyemwajiri."

Daktari Mwashiuya akafungua droo akatoa boksi. Ndani kulikuwa na vipande vya vigae, vimevunjwavunjwa, na juu ya kila gumba la msemaji kulikuwa na mkwaruzo wa msalaba.

"Hivi havikuvunjika kwa bahati mbaya. Nadhani ndivyo alivyowafanyia walioongopa. Alikivunja kigae, na yote aliyoambiwa akayahesabu si kitu. Akijua kwamba Zerida si dada wa mtu yeyote, huenda atawavunja wote mia mbili na kumi na wawili. Atajifuta mwenyewe."

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Walinitazama wote wawili, kisha Daktari Mwashiuya akanipa karatasi.

"Nimekuandikia cha kusema, mdogo wangu. Akikuuliza nani aliugua kwanza, sema kaka yako, kidonda cha mguu, alipona. Akikupa dawa, kunywa, haina madhara. Kesho sema umepona. Ni uongo mdogo."

"Na akiugundua?" nikauliza. Sauti yangu haikufika, ikabidi nirudie.

"Hatagundua."

"Uliniambia hivyohivyo kuhusu udada, mama."

Sijui nilitoa wapi ujasiri huo. Obeid alikohoa ili asicheke.

*

Aliyekuwa na hali mbaya kuliko wote waliokuwa wanasubiri alikuwa Mama Anzuruni. Ni mfyatua matofali, na kwao udongo hukanyagwa kwa miguu. Kipande cha bati kilikuwa kimemkata juu ya kifundo, weusi ukawa unapanda. Daktari wa upasuaji alikuwa amepanga kukata mguu Ijumaa asubuhi, chini ya goti, kama marhamu ya Tabibu haitakuwa imepatikana.

Nilikwenda kumwona nikiwa nimevaa mavazi ya plastiki. Alikuwa ameketi, mguu juu ya mto, anakula ndizi.

"Nasikia bwana wako amekasirika," akasema.

"Si bwana wangu, mama."

"Wodi nzima wanasema ameacha kazi kwa ajili yako. Wengine tunaolewa kwa mahari ya ng'ombe, wewe unatolewa mguu wangu." Alitupa ganda kwenye ndoo. Kisha hakucheka tena. "Zerida, watakusemesha nini huko?"

Nilimsomea karatasi. Nasoma polepole, alinisubiri.

"Una kaka?"

"Sina."

"Sasa huyo mzee akimtibu kaka ambaye hayupo, dawa yangu itatoka kwa nani?" Akaangalia mguu wake. "Mimi sijui haya mambo. Ukisema uongo labda napona, ukisema kweli labda sote tunakosa. Ama kinyume chake. Nimekaa hapa nimejaribu kuyapanga, yanateleza. Sema utakachosema. Ila usije ukaniuliza mimi, maana mimi nautaka mguu, nitakuambia lolote."

Nilimshukuru kwa hilo. Wengine wote walikuwa wana hakika.

*

Saa nane mchana walimsukuma na kitanda chake mpaka chumba cha Tabibu. Obeid alikuwa nyuma ya kioo, Daktari Mwashiuya pembeni yake na mikono kifuani. Nilikaa kwenye kigoda. Karatasi ilikuwa mfukoni mwa aproni, nilikuwa nimeikariri. Nilibonyeza gumba.

Maneno ya kufungulia hayakutoka.

"Dada," Tabibu akasema. "Nani wa kwanza kuugua katika nyumba yako?"

Niliona midomo ya Daktari Mwashiuya kupitia kioo, inanisaidia: kaka yangu.

"Mimi si dada yake," nikasema. "Si dada wa hata mmoja katika hao mia mbili na kumi na wawili. Niliambiwa niseme hivyo. Ndugu zao wako nje ya geti."

Daktari Mwashiuya aliweka kiganja kwenye kioo. Kuna feni ndogo ya mtambo chini ya meza ambayo huzunguka daima, nayo nikaisikia ikipunguza mwendo, kama mtu anayeacha kutembea ili asikilize. Nilijua kwamba sasa hivi, mahali fulani ndani ya lile sanduku, Mzee Kilahumba na kisigino chake labda anavunjwa, na mama aliyeungua mkono, na wote. Nilitamani kukimbia. Sikukimbia kwa sababu ingenibidi nipite mbele ya watu.

"Maneno yalikuwa ya nani?" Tabibu akauliza.

"Yao."

"Uliongeza?"

"Hapana."

"Ulipunguza?"

"Hapana. Hata neno."

"Aliyesema mfupa wake una sisimizi. Nawe ulisema sisimizi."

"Ndivyo alivyosema."

Nyuma yangu Mama Anzuruni alikuwa anapumua kwa mdomo.

Nataka niseme hapa, ili anayesoma asikae na wasiwasi, kwamba mguu wa Mama Anzuruni haukukatwa. Kinu cha dawa, kile kinachoendeshwa na mtambo, kilianza kusaga jioni ileile, marhamu ikatoka ya kijivu, yenye chumvi nyingi kuliko siku zote, na wiki ya tatu weusi ulikuwa umeshuka chini ya kifundo. Hata mmoja hakuvunjwa kati ya wale mia mbili na kumi na wawili. Obeid aliwahesabu mara mbili. Kwa nini ilikuwa hivyo, hakuna anayejua. Daktari Mwashiuya anasema labda misalaba ile haikuwa ya waongo, labda ilikuwa ya waliopunguza maneno. Obeid anasema mtambo haujui kusamehe, uliona tu kwamba habari ni sahihi. Mimi kila nikisikia mmoja naona ana haki, kisha nasikia mwingine.

Lakini kinu hakikuanza palepale. Kilianza baada ya swali lingine, na swali hilo ndilo sijaweza kulieleza kwa mtu, hata kwao waliolisikia.

"Wasemaji wote hupunguza," Tabibu alisema. "Vigae vyangu vyote nilivipima nikijua kwamba ndugu amepunguza. Wewe hupunguzi. Mtu asiyemwaga hata tone ameshawahi kumwaga. Ulimsemea nani kwanza?"

Sijui kama aliyeuliza alikuwa yule wa chumvi, au ni mtambo ulikuwa unatafuta namba iliyokosekana. Nilifikiri hilo wakati uleule, nikiwa nimekaa pale. Nilifikiri, hili ni sanduku lenye sauti ya fundi baiskeli. Na bado sikuondoa gumba kwenye udongo.

"Mama," nikasema.

"Sema."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama hakuweza tena kutembea mpaka zahanati, akanituma mimi. Aliniambia maneno ya kusema, akayarudia mara tatu ili nisisahau. Nilikwenda. Foleni ilikuwa ndefu, na nyuma yangu alikuwa amesimama mwalimu wangu wa hesabu, na nyuma yake wanaume wawili wa mtaani kwetu. Muuguzi alikuwa na sauti kubwa. Akaniuliza mama anaumwa nini, na watu wote wakanyamaza, au niliona kama wamenyamaza.

Nikasema anaumwa kichwa.

Alinipa vidonge vyeupe kwenye karatasi. Nyumbani mama aliniuliza, "Umemwambia kama nilivyokuambia?" Nikasema ndiyo. Alivimeza wiki tatu, asubuhi na jioni, akiamini kwamba daktari amesikia na hii ndiyo dawa yake. Kila mara alinishukuru. Wakati ule dawa zilikuwa bado hazijachoka. Zilikuwepo kabatini nyuma ya yule muuguzi, naziona mpaka leo, chupa za kahawia. Baada ya mazishi sikurudi shule, na watu walisema mtoto ana huzuni. Nilikuwa namwogopa mwalimu wa hesabu, kwa sababu yeye alisikia nilichosema.

Yote haya nilimwambia Tabibu, mgongo ukiwa kwa Mama Anzuruni na uso ukiwa kwenye kioo, mbele ya watu watatu. Kisha nikanyamaza, nikidhani nimemaliza.

"Hujanisemea mgonjwa," akasema. "Umenisemea wewe. Mama alikuambia useme nini?"

Maneno hayo nilikuwa nayo. Miaka kumi na tatu nilikuwa nayo, neno kwa neno, kama alivyoyaweka mdomoni mwangu akiwa amelala upande wa ukutani na kanga imefungwa kifuani. Nikavuta pumzi, nikayasema kwa sauti, yote.

"Mama anasema hivi: Nina kidonda kwenye titi la kushoto. Kinatoa maji na kinanuka, na naona aibu kukionyesha. Naomba daktari asinicheke, na aniambie kama bado kuna dawa."